Siku Kumi na Tano za Seva Iliyoganda

Jumatatu, 14 Julai 2025

Seva imeganda tena. Saa nane na dakika kumi, katikati ya somo. Kompyuta zote zikaduwaa kwa mpigo mmoja, kama darasa lililoulizwa nani hajafanya kazi ya nyumbani.

Nieleze vizuri, ili nikiyasoma haya nikiwa mhandisi niyaelewe. Chumba chetu cha kompyuta kina mashine ndogo kumi na mbili za wanafunzi na moja kubwa, nyeusi, inayokaa chini ya meza ya mwalimu. Hiyo kubwa ndiyo seva. Mashine ndogo hazitunzi chochote. Kazi zetu zote zimo ndani ya seva, kwenye folda moja tunayoiita Kabati, na kila mashine hulifungua Kabati kupitia waya. Seva ikiwa nzima, wote wazima. Seva ikiganda, hakuna mwenye kazi.

Hii ni mara ya nne tangu shule ifunguliwe wiki iliyopita. Dawa ni moja. Mwalimu Ignas anabonyeza kitufe mpaka taa ya kijani izime, anahesabu mpaka kumi, anawasha upya. Ambaye hakuhifadhi, pole yake. Leo nimepoteza insha ya maneno mia tatu kuhusu umuhimu wa kuhifadhi kazi mapema.

Mstarini habari ilikuwa mbaya zaidi. Madam Mkuu alisoma barua kutoka mkoani. Kuna shule huko Ikungi inaomba kompyuta. Afisa atakuja Ijumaa ya tarehe 25 kuona kama zetu zinafanya kazi. Kama hazifanyi, lori litazibeba siku hiyo hiyo. Madam alikunja barua mara nne. 

Sina kompyuta nyingine duniani. Nyumbani tuna simu moja ya Mama, na sifa yake kubwa ni tochi. Mashine hizi zikienda Ikungi, na mimi wa kesho nimeenda nazo kwenye lori.

Nimeazimia: chanzo nitakipata mimi. Si Agripina. Agripina ni katibu wa klabu ya kompyuta. Mimi ni makamu mwenyekiti, na mwenyekiti alihamia Manyoni. Kikatiba mimi ndiye mkubwa.

Jumanne, 15 Julai

Nimeanza kwa kujichunguza mwenyewe. Ndivyo tulivyofundishwa kwenye Fizikia: ondoa kwanza lisilowezekana.

Kabla ya likizo Mwalimu Ignas alinipa mimi na Agripina kazi ya kuunganisha mashine na Kabati. Kumi na mbili. Mimi niliunganisha kumi na tatu! Ya kumi na tatu ni seva yenyewe. Niliipa njia ile ile ya wenzake: ikitaka kitu cha Kabati, itoke kwenye waya, iombe kama wanafunzi. Hakuna aliyenituma. Nilijiongeza. Kiongozi mzuri hupanga foleni na raia.

Wakati wa kuunganishwa, kila mashine huuliza swali moja. Seva isipojibu, isubiri mpaka ijibiwe, au ijaribu mara tatu iache? Agripina alisema iache. Nilishangazwa na malezi yake. Mimi nimelelewa na Bibi Esta. Ukimwamkia mkubwa, husogei mpaka akuitikie. Kama mdomo wake umejaa ugali na mlenda, unasubiri. Kama anahesabu mbuzi, unasubiri. Nikiwa darasa la tano nilisimama mbele ya mzee mmoja kiziwi kutoka kengele ya kwanza mpaka ya pili. Nilichelewa shule, nikachapwa. Bibi akasema, safi kabisa.

Nikachagua "subiri" kwa zote kumi na tatu.

Kwa hiyo upande wangu hauna dosari. Nimejifuta kwenye orodha ya washukiwa.

Mshukiwa wa kwanza: umeme. Ng'ambo ya barabara kuna mashine ya kukamua alizeti ya Mzee Mughwai. Huu ni msimu. Ikianza kunguruma, taa zetu zinapepesa kama mtu mwenye vumbi jichoni. Kesho nitamwona.

Jumatano, 16 Julai

Nilimwona. Nilimkuta anapakia mashudu kwenye magunia. Nikatoa shikamoo, nikasimama. Alikuwa anazozana na mteja. Nikasimama. Mwishowe akageuka, akaniuliza kwa nini nimeganda pale kama kigingi. Nikasema nasubiri marahaba. Alifurahi sana. Akasema siku hizi watoto wanarusha shikamoo kama ganda la muhindi, wanapita.

Nikamweleza kwa utaratibu. Seva. Kabati. Ikungi. Lori. Nikamwomba azime mashine yake kutoka saa nane hadi saa kumi, kila siku ya shule, kwa siku nane.

Akaniambia: "Mjukuu wangu, nikizima masaa mawili hawa akina mama watanikamua mimi." Foleni nzima ikacheka. Lakini kwa sababu ya adabu yangu akakubali nusu saa. Leo tu. Saa nane hadi saa nane na nusu.

Nikakimbia kurudi shuleni. Saa nane kamili ngurumo ikakata. Kimya kizuri! Mwalimu Ignas akakaa kwenye seva, akaanza kuingiza video ya kidato cha nne wakipima chumvi na tindikali. Video nzito. Umeme umetulia kama maji ya mtungi.

Saa nane na dakika sita seva ikaganda.

Umeme hauna hatia. Nimeufuta.

Jioni Mama alirudi na dumu tupu na uso wa kazi. Kumbe alikuwa kwenye foleni ile. Alikuwa wa pili. Mashine ilipozimwa, wenye mikokoteni wakatumia mwanya kupenya mbele. Zamu yake sasa ni Ijumaa. Aliuliza kama namfahamu msichana fulani mwenye adabu sana aliyekwenda kumlaghai Mzee Mughwai. Nilisema shule yetu ina wasichana wengi wenye adabu.

Alhamisi, 17 Julai

Usiku nimefikiri. Kilichobaki ni binadamu. Kuna mtu anaijaza seva vitu vizito kwa siri. Na mtu huyo anaimba kwaya.

Ushahidi. Moja, Agripina anakaa mashine namba tano na huvaa visikizio. Mbili, anatikisa kichwa. Tatu, jana seva ilipoganda hakushtuka. Alitazama saa, akaandika kitu kwenye daftari dogo. Nani huandika saa wakati msiba umetokea?

Nilimuuliza, kwa upole, ana nini kwenye Kabati. Akasema wimbo mmoja wa kwaya, dakika tatu. Nikauliza kama ana uhakika. Akasema: "Yunisi, unataka nikuimbie?" Mashine namba nne na namba sita zikacheka.

Sasa mpango. Mwongozo wa klabu unaeleza jinsi ya kuamuru kompyuta ijipige picha ya skrini yake. Nimeiamuru seva ijipige picha moja kila sekunde, kuanzia asubuhi hadi tunapofunga, na kila picha iende Kabatini. Mhalifu akigusa chochote kwenye seva, ninaye. Picha zinapita kwenye waya kama kazi za kila mtu, kwa ile njia niliyoipangia. Sheria ni moja kwa wote.

Nimeiita folda ya picha Ulinzi. Mwalimu Ignas hajui. Mtego ukitangazwa si mtego.

Ijumaa, 18 Julai

Seva imeganda mara tatu kwa siku moja! Haijawahi kutokea.

Nimefurahi na nimesikitika. Nimesikitika kwa sababu zimebaki siku saba. Nimefurahi kwa sababu inaonyesha mhalifu amejua anawindwa. Ametaharuki. Anafanya haraka.

Nimezipitia picha za asubuhi. Zote zinaonyesha kitu kimoja: ile picha ya ua la alizeti iliyo kwenye skrini ya seva. Ua. Ua. Ua. Kisha giza. Agripina ni mjanja kuliko nilivyodhani.

Nimeanza pia kuandika ripoti ya uchunguzi. Naiandikia kwenye seva yenyewe, wakati wa mapumziko, ili Agripina asiione akiwa namba tano. Kichwa chake: "Mshukiwa Mkuu na Tabia Zake." Nilikuwa ukurasa wa pili seva ikaganda. Ripoti imepotea. Anajua!

Mama amepata mafuta yake. Dumu moja na nusu. Ameanza tena kuzungumza nami.

Jumapili, 20 Julai

Kanisani. Agripina aliimba peke yake ubeti wa pili. Vizuri sana, bahati mbaya. Watu walifuta macho. Mimi nilikuwa nahesabu dakika za wimbo. Dakika tatu na sekunde kumi. Alisema tatu.

Bibi Esta aliniuliza kwa nini nakodolea kwaya macho kama nadai. Nikamweleza habari za seva na lori la Ikungi. Hakuuliza seva ni nini. Aliuliza tu: "Na hicho kitu chenu, kinachojibu watoto wote hao, kinapumzika saa ngapi?" Nikamwambia mashine haipumziki. Akasema basi anaihurumia. Kisha akaongeza jambo kwa Kinyiramba, lugha anayoitumia akitaka neno libaki limesimama, kwamba atauombea huo mlango wangu usifungwe. Sikuwa nimemwambia habari ya mlango wowote. Nililia kidogo, nikiosha vyombo.

Jumatatu, 21 Julai

Agripina amesimama mbele ya klabu na lile daftari dogo. Kumbe ni jedwali. Amepiga mistari kwa rula, kwa wino wa rangi mbili. Saa ambayo seva iliganda. Nani alikuwa ameketi wapi. Nini kilikuwa kinafanyika. Akasema, bila kuringa, jambo ambalo kwa kweli liliudhi zaidi, kwamba wiki ya kwanza seva haikuganda hata mara moja watu walipokuwa kwenye mashine ndogo pekee. Iliganda kila mara mtu alipokuwa ameketi kwenye seva yenyewe. Na tangu Alhamisi inaganda ovyo, hilo hajalielewa.

Mwalimu Ignas akaguna. Akasema hilo ni la kufikiria.

Nililifikiria kabla yake. Mtu akiketi kwenye seva, inaganda. Wanaoketi pale ni wawili tu: Mwalimu Ignas na mimi. Mwalimu ni msomi wa chuo. Mimi nimeshajichunguza tarehe 15. Sasa, watu wawili tofauti, waadilifu wote, wana nini kinachofanana wakiwa pale?

Kiti!

Ni cha plastiki. Tulijifunza kidato cha kwanza: plastiki ikisuguliwa inazalisha umeme. Unasugua rula kwenye nywele, inavuta vipande vya karatasi. Sasa fikiria mtu mzima, suruali ya kitambaa, kiti kizima, upepo mkavu wa Julai. Na seva iko sentimita thelathini kutoka kwenye kiti!

Agripina ana jedwali. Mimi nina sayansi.

Jumanne, 22 Julai

Nilifika shuleni kabla ya wafagiaji. Nimebadilisha kiti cha plastiki na kile cha mbao cha ofisi ya nidhamu. Saa tatu seva ikaganda. Nikakiondoa cha mbao, kuna misumari. Nikaleta kigoda cha Bibi, miguu mitatu, mti mtupu, hakuna chuma. Mwalimu Ignas akakalia kigoda. Magoti yake yalifika masikioni. Aliuliza, bila kumlenga mtu, kama kuna anayejua kiti chake kilipo. Saa tano ikaganda.

Mchana nilimshauri afundishe amesimama. Akanitazama muda mrefu. Akafundisha amesimama. Saa nane na nusu ikaganda na hakuna aliyekuwa ameketi popote karibu nayo.

Nimefuta kiti. Narudi kwa Agripina. Jedwali lile ni la kuniondoa kwenye njia.

Mwalimu wa nidhamu anatafuta kiti chake.

Jumatano, 23 Julai

Nimeongeza ulinzi. Picha mbili kila sekunde.

Imeganda mara tano.

Mara ya tano kazi ya kidato cha nne iliharibika. Video zote za maabara, wiki tatu. Mwalimu Ignas hakupiga kelele. Alitoka nje akasimama kwenye mlingoti wa bendera, anautazama juu, upepo unavuma. Nilitaka kwenda kumwambia kwamba tunakaribia kumkamata mhalifu. Nikaona si wakati wake.

Madam Mkuu alipita dirishani. Akauliza leo ni mara ya ngapi. Agripina akafungua daftari, akasema tano. Madam akasema basi tuzifute vumbi vizuri, isije ikaonekana Ikungi kwamba tulikuwa wachafu.

Nilizifuta vumbi. Zote kumi na mbili. Namba saba ina herufi Y iliyofifia kwa sababu ndiyo naandikia jina langu. Sikutaka kuifuta sana.

Alhamisi, 24 Julai

Siku ya leo nitaiandika kama ilivyokuwa. Daftari lisilo na ukweli halina kazi.

Baada ya vipindi Mwalimu Ignas alimpigia simu rafiki yake, Fundi Paschal wa Singida mjini. Aliweka sauti ya juu, akailaza simu juu ya seva kama anaipima homa. Tulikuwa watatu: yeye, Agripina na mimi.

Fundi akauliza kuna kumbukumbu zozote. Agripina akasoma jedwali lake lote, mstari kwa mstari.  Kisha Fundi akauliza swali moja: hiyo seva yenu, yenyewe, inalifungua Kabati moja kwa moja tumboni mwake, au imeunganishwa nalo kwa kupitia mtandao, kama mashine za wanafunzi?

Mwalimu Ignas akacheka. Akasema, ndugu yangu, nani atafanya kitu kama hicho? Mashine ijiombe vitu vyake yenyewe?

Agripina alikuwa ameshafungua orodha. Akahesabu kwa kidole kwenye skrini. Akasema: "Mwalimu, ziko kumi na tatu."

Mwalimu akahesabu mwenyewe. 

Nilinyoosha mkono. Nikaeleza sababu zangu zote mbili, usawa na adabu. Nikaeleza pia kwamba nilichagua isubiri mpaka ijibiwe, na kwa nini. Kwenye simu kukawa na mkwaruzo mrefu. Nilidhani mtandao unakatika. Alikuwa Fundi Paschal anacheka.

Alipopata pumzi akauliza huyo binti ni wa wapi. Mwalimu akasema wa hapa hapa Iguguno. Fundi akasema basi atatueleza kwa namna tutakayoelewa.

Akasema: "Sikia, mwanangu. Mzee amesimama barabarani, anajiamkia shikamoo mwenyewe. Halafu anasimama anasubiri ajiitikie marahaba. Siku akiwa hana kazi, anajiitikia, maisha yanaendelea. Siku akiwa na mzigo kichwani, mdomo umechoka, anasema nitaitika nikishajibiwa. Na wa kumjibu ni nani? Ni yeye! Nyuma yake kuna watoto kumi na wawili, na wewe umewafundisha wote wasipite. Hapo mzee atasimama mpaka lini?"

Agripina alijiziba mdomo kwa daftari.

Fundi akasema mzigo mkubwa ni kitu kizito chochote kinachoandikwa kutoka kwenye seva yenyewe. Video, kwa mfano. Au picha nyingi. Akauliza kama kuna kitu kinachoandika mfululizo. Agripina akatafuta. Akaikuta folda ya Ulinzi.

Picha elfu themanini na kitu. Za ua la alizeti. Isipokuwa chache za Ijumaa, ambazo zinaonyesha ripoti yangu, kurasa mbili, inasomeka vizuri. Alizisoma zote mbili. Mwalimu naye alisoma, amemwinamia begani.

Agripina akageuka. Nilijiandaa. Akasema: "Dada yangu, picha elfu themanini za kunitega, na sijatokea hata moja?"

Akaiondoa seva kwenye foleni yake yenyewe. Akaifuta folda ya Ulinzi. Dakika nne. Tukaingiza video tatu nzito kwa pamoja. Haikuganda. Tukaingiza tano. Haikuganda. Taa ya kijani inapepesa, feni inavuma, kama ng'ombe anayecheua.

Mwalimu Ignas hakuniadhibu. Alisema niandike kwa sentensi moja nilichojifunza, nimletee kesho. Na nirudishe kiti cha mwalimu wa nidhamu.

Ijumaa, 25 Julai

Lori lilikuja kabla ya Afisa. Liliegeshwa mbele ya bendera, mlango wa nyuma wazi. 

Afisa ni mtu mkubwa mwenye sauti ndogo. Alimwambia kila mwanafunzi afungue kazi yake kwenye Kabati. Wote kumi na wawili kwa pamoja. Wote wakafungua! Akamwambia Mwalimu Ignas aketi kwenye seva aingize video. Mwalimu akaketi kwenye plastiki yake. Video ikaingia. Afisa akatazama saa yake. Alikaa saa nzima. Madam Mkuu alisimama mlangoni na alikuwa anasali, nilimwona midomo.

Afisa akauliza nani aliyerekebisha. Mwalimu akamsogeza Agripina mbele. Agripina akanitazama, akasema: "Tumefanya wote wawili. Yunisi aliweka, mimi nikatoa." Afisa akasema huo ndio ushirikiano.

Mashine hazijaenda Ikungi! Lakini uamuzi si wa mwisho. Afisa atarudi Jumatano tarehe 30 na wakubwa wake kutoka mkoani. Wakikuta mambo kama leo, chumba ni chetu moja kwa moja. Wakikuta kimeganda, lori halijasahau njia. Na kwa kuwa tunajua kutunza, ametuachia seva ya pili iliyokuwa ndani ya lori. Ya zamani kidogo, lakini nzima.

Nilimpa Mwalimu Ignas sentensi yangu. Nimeiandika mara saba mpaka ikanyooka: "Nimejifunza kwamba mtu hawezi kujisalimia mwenyewe, kwa kuwa salamu inahitaji wawili."

Aliisoma mara mbili. Akasema ni sentensi nzuri. Akasema inamtia wasiwasi kidogo, ila hajui ni wapi.

Jumatatu, 28 Julai

Agripina amekwenda Singida mjini. Fundi Paschal alimwomba akae naye kwenye karakana siku tatu ajifunze. Hakuniomba mimi. Sina kinyongo. Mtu anayejua kutoa lazima afundishwe kuweka.

Mwalimu Ignas ana kikao cha walimu mchana kutwa. Ameniachia ufunguo. Alisema niiwashe seva mpya, niifute vumbi, basi. Nimeifuta vumbi. Nimeiwasha. Kisha nikaketi nikaitazama, peke yake, haina mtu wa kuzungumza naye.

Na hapo nikaelewa! Kosa langu la zamani lilikuwa dogo kabisa. Adabu ilikuwepo. Subira ilikuwepo. Kilichopungua ni mwenzake. Sasa wako wawili.

Kwa hiyo nimepanga hivi. Seva ya zamani inalifungua Kabati la seva mpya. Seva mpya inalifungua Kabati la seva ya zamani. Kabla haijamhudumia mtu yeyote, kila moja imwamkie mwenzake kwanza, ipate marahaba, ndipo iendelee. Na zote mbili nimeziwekea zisubiri mpaka zijibiwe. Hakuna kujaribu mara tatu na kuondoka. Jumatano wakubwa watakuta kitu ambacho hakipo Ikungi wala Dodoma.

Nimemaliza saa kumi kasoro dakika tano. Nikabofya.

Saa kumi na robo sasa. Taa zote mbili ni za kijani. Mashine ndogo zote kumi na mbili zimetulia tuli. Nimejaribu kufungua kazi yangu kwenye namba saba, na kishale kimesimama katikati ya skrini, hakisogei, kinangoja zamu yake.

Hata feni sizisikii. Sijawahi kuona chumba chenye heshima kiasi hiki.